TSH iko sawa lakini mwili hauko sawa: ubadilishe dawa ya thairoidi?

Ukikaa karibu na wagonjwa wa thairoidi hapa Kisumu, kuna lalamiko moja utalisikia hadi ulizoee. Mama amemeza levothairoksini, tembe ya homoni kwa mwenye upungufu wa thairoidi, kila asubuhi kwa miaka. Amepimwa damu, TSH, kipimo kinachoonyesha kama homoni za thairoidi zinatosha, imetoka 2.3, na daktari amemwambia yuko sawa, aendelee vivyo hivyo. Naye anajua hayuko sawa. Anaamka amechoka kuliko alivyolala, nywele zinabaki kwenye kitana, choo ni kigumu, anajifunika leso wakati wenzake wanatokwa na jasho, na majina ya wateja aliowauzia miaka nenda miaka rudi yanamtoka akilini. Kisha dada yake aliye ng'ambo anampigia simu: hiyo dawa haikufai, badilisha. Iko ya T3, homoni nyingine ya thairoidi, iko inayotokana na tezi ya nguruwe, iko ya kampuni nyingine iliyo bora.

Amsikilize nani? Daktari ana karatasi ya maabara mkononi. Dada ana ushuhuda wa watu waliobadilisha dawa wakapata nafuu. Nasema mapema ninakosimama: ombi la kubadilisha dawa ni halali na halistahili kukemewa. Lakini naamini kwamba huku magharibi mwa Kenya wagonjwa wengi wanaotaka kuikimbia levothairoksini hawajawahi kuipata sawasawa, na wengine wameshabadilishiwa dawa mara kadhaa bila kuambiwa.

Kwanza tuelewe kinachobishaniwa. Tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo hutoa homoni mbili kuu. T4, yaani thairoksini, ndiyo nyingi. T3 ni kidogo, lakini ndiyo inayofanya kazi ndani ya seli. T4 ni mahindi ya ghalani, T3 ni unga: ini, figo, misuli na ubongo huisaga T4 kuwa T3 kadiri mwili unavyohitaji. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1970, watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba watu wasio na thairoidi inayofanya kazi, wakipewa T4 peke yake, T3 huonekana kwenye damu yao. Kabla ya hapo tiba ilikuwa tezi za wanyama. Daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alianza kwa kumdunga mgonjwa maji ya tezi ya kondoo mwaka 1891, na kwa miongo mingi baadaye watu walimeza tezi ya nguruwe iliyokaushwa na kusagwa. Baada ya 1970 hoja ikawa nyepesi: kama mwili unaweza kujisagia T3, mpe T4 safi ya maabara, yaani levothairoksini, pima TSH, basi.

TSH yenyewe hutoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Homoni za thairoidi zikipungua, TSH hupanda; zikizidi, hushuka. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4.0 kuwa kawaida. Na kwa kuwa T4 hukaa mwilini muda mrefu, ikichukua karibu siku saba kupungua nusu, TSH haitulii hadi wiki sita hivi baada ya dozi kubadilishwa. Anayebadilisha dawa Jumatatu na kukimbilia maabara wiki inayofuata anatupa pesa zake.

Wanaotetea dawa moja hawatetei mazoea tu. Mwaka 1999 jarida moja kubwa la udaktari la Marekani lilichapisha utafiti wa wagonjwa 33 ambao sehemu ya T4 yao iliondolewa ikawekwa T3 kidogo. Hali yao ya hisia na akili iliboreka, na matumaini yakapanda dunia nzima. Majaribio mengine yakafuata. Kufikia 2006 uchambuzi uliokusanya majaribio 11 yenye wagonjwa zaidi ya 1,200 haukuona tofauti ya maana kati ya T4 peke yake na T4 iliyochanganywa na T3, si kwa uchovu, si kwa huzuni, si kwa uzito. Ndiyo maana mwongozo wa chama cha wataalamu wa thairoidi wa Marekani wa mwaka 2014 uliiacha levothairoksini ikiwa tiba ya kwanza. Tena T3 ina haraka. Hupanda ndani ya saa chache na kupungua nusu kwa siku moja hivi, kwa hiyo moyo unaweza kuanza kwenda mbio. Homoni ikizidi kwa muda mrefu, mapigo ya moyo huweza kuvurugika na mifupa hukonda, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi.

Hoja hizo ni nzito. Lakini upande wa pili una jambo ambalo karatasi ya maabara haiwezi kulifuta: wapo watu, makadirio ya kawaida ni mmoja kati ya kumi au ishirini, ambao TSH yao imetulia na bado dalili ziko palepale. Majaribio mengi ya T3 hayakuwachagua hao. Yaliwachukua wagonjwa wa kila namna, wengi wao wakiwa hawana shida na dawa yao. Wastani wa kundi lenye watu walioridhika utaficha wachache waliopata nafuu ya kweli. Tena kuna jeni iitwayo DIO2, inayosimamia kimojawapo cha vinu vinavyosaga T4. Kuna watu waliozaliwa na aina yake iliyo tofauti kidogo, na utafiti wa Uingereza wa mwaka 2009 ulidokeza kwamba hao ndio walionufaika zaidi na mchanganyiko. Matokeo ya baadaye hayakukubaliana yote, kwa hiyo silichukulii kama jibu, ila nalichukulia kama sababu ya kutowaita wagonjwa hawa waongo. Wataalamu wa Ulaya nao, katika mwongozo wa 2012, waliruhusu mchanganyiko ujaribiwe kwa uangalifu kwa mgonjwa ambaye dalili zimekataa kuondoka na sababu nyingine zimekaguliwa.

Maneno hayo ya mwisho, "sababu nyingine zimekaguliwa", ndipo mjadala wa huku kwetu unapopaswa kuanzia. Na ndipo unaporukwa.

Chukua asubuhi ya kawaida ya mama wa Nyalenda au Kondele. Tembe inamezwa kwa chai ya maziwa, kwa sababu ndiyo iliyo mezani. Levothairoksini inataka tumbo tupu na maji matupu, kisha nusu saa hadi saa nzima kabla ya kitu kingine. Maziwa yana kalsiamu, na kalsiamu huishika dawa ikiwa bado tumboni. Kahawa nayo huipunguza. Halafu kuna uji. Unga wa uji unaosifiwa sana huku, wa wimbi na mtama uliochanganywa na njugu na soya, ni chakula kizuri, lakini soya huzuia dawa hii kuingia vizuri. Hakuna haja ya kuacha uji. Haja ni kuutenga na tembe. Ambaye asubuhi yake ni ya mbio, kwa kuwa lazima awahi soko la Kibuye kabla mzigo haujaisha, anaweza kuongea na daktari wake ameze usiku, muda wa saa tatu au zaidi ukishapita baada ya chakula. Njia hiyo imejaribiwa na inafanya kazi.

Dawa nyinginezo zina lawama kubwa zaidi. Dawa za kuongeza damu, ambazo kila mjamzito hupewa kliniki, zina madini ya chuma, na chuma kinapaswa kukaa mbali na levothairoksini kwa saa nne. Vivyo hivyo vidonge vya kalsiamu. Omeprazoli, ambayo watu hununua dukani bila cheti kwa ajili ya vidonda vya tumbo, hupunguza asidi inayohitajika kuyeyusha tembe. Bakteria wa vidonda wenyewe huweza kuleta shida hiyo hiyo. Na kwa anayetibiwa TB, rifampisini huufanya mwili uivunje thairoksini haraka kuliko kawaida, hivyo dozi iliyotosha mwaka jana inaweza isitoshe sasa. Kweli, mengi ya haya huonekana TSH inapopanda, kwa hiyo daktari atasema kwamba kama TSH ni 2.3, basi dawa inaingia. Ana haki, kwa siku ile ya kipimo. Mtu anayemeza vibaya wiki mbili na vizuri wiki moja kabla ya kwenda hospitali hatakuwa na nambari moja mwaka mzima. Namba moja kila mwaka haiwezi kuonyesha kupanda na kushuka huko kote.

Kipimo chenyewe pia hudanganywa. Wanawake wengi nywele zikianza kukatika hununua biotini, vidonge vya nywele na kucha. Biotini nyingi kwenye damu huvuruga baadhi ya mashine za maabara: TSH husomeka chini na T4 juu kuliko zilivyo kweli. Mama mwenye upungufu wa homoni anaonekana amepona, au hata kwamba dawa imezidi, na dozi inapunguzwa wakati ilipaswa kuongezwa! Kabla ya kupimwa, biotini isimamishwe siku mbili au zaidi, na maabara iambiwe.

Joto nalo nalitaja kwa makusudi, maana sijaona likizungumzwa. Pakiti nyingi za levothairoksini huandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Alasiri ya Kisumu hufika 29 au 30 bila kujitahidi, na chini ya bati ni zaidi. Homoni hii haipendi joto, unyevu wala mwanga. Vidonge vinapohesabiwa kutoka kwenye chupa na kutiwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi, kisha bahasha ikawekwa rafu ya jikoni karibu na jiko, nguvu yake inapungua siku hadi siku. Mgonjwa wa Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ana nafuu ya hewa. Sisi wa kando ya ziwa tununue dawa ikiwa ndani ya kifungashio chake cha asili na tuitunze mahali penye baridi kuliko pote ndani ya nyumba, mbali na jiko na dirisha.

Bahasha hiyo ya karatasi inanipeleka kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Juu yake huandikwa "1 x 1" na pengine jina la dawa. Jina la kampuni iliyoitengeneza halipo. Mwezi huu duka la dawa lina Eltroxin, mwezi ujao Euthyrox, mwezi wa tatu ni tembe ya kampuni ambayo mgonjwa hajawahi kuisikia. Mikrogramu 50 zikikosekana, anapewa 100 na kuambiwa akate katikati, na kila anayekata tembe kwa kisu anajua nusu mbili hazilingani. Mtu huyo anabadilisha dawa kila mara. Ila hajui, na daktari wake hajui.

Je, kubadilisha kampuni kuna madhara? Hapa pia pande mbili zina ushahidi. Mwaka 2007 Eltroxin ya New Zealand ilibadilishwa viambato visivyo dawa. Homoni ilibaki kiasi kilekile. Kwa miaka 30 kabla yake, taarifa za madhara zilizopelekwa kwa wasimamizi zilikuwa 14. Ndani ya miezi 18 zikazidi 1,400. Watafiti walikuta kwamba taarifa ziliongezeka pale ambapo vyombo vya habari vilikuwa vimeitangaza sana habari hiyo, na wengi wakahitimisha kwamba hofu ilifanya kazi yake. Mwaka 2022 utafiti mkubwa wa Marekani uliolinganisha waliobadilishiwa kampuni na wasiobadilishiwa haukuona tofauti ya maana kwenye TSH. Ukiishia hapo utasema ni mambo ya mawazo tu.

Lakini angalia Ufaransa. Mwaka 2017 Merck ilibadilisha Levothyrox, iliyokuwa ikitumiwa na watu wapatao milioni tatu: laktosi ikatolewa, manitoli na asidi ya sitriki zikawekwa ili homoni isipungue nguvu haraka. Kwa nia ilikuwa hatua nzuri. Maelfu walilalamikia uchovu, kizunguzungu na nywele kukatika, hata serikali ikarudisha dawa ya zamani kwa muda. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya Lyon iliamuru kampuni hiyo ilipe walalamishi zaidi ya 3,000 yuro 1,000 kila mmoja. Kosa ambalo mahakama ililiona ni kwamba wagonjwa hawakuarifiwa ipasavyo. Haikusema tembe ilikuwa mbovu. Nayo mamlaka ya dawa ya Uingereza, mwaka 2021, iliwaambia madaktari kwamba kwa wengi kubadilisha kampuni si tatizo, ila mgonjwa anayeripoti dalili kila akibadilishiwa apewe kampuni moja isiyobadilika.

Hukumu ya Lyon naiona ina uzito kwetu kuliko majedwali yote ya TSH. Kama mgonjwa wa Ufaransa ana haki ya kuambiwa kwamba kiambato kimebadilika, mgonjwa wa Siaya aliyepanda matatu hadi Kisumu kutafuta dawa iliyokosekana kwao ana haki ya kuandikiwa jina la kampuni kwenye bahasha yake. Haigharimu kitu. Ni kalamu tu. Na hadi litakapofanyika kila mahali, mgonjwa ajifanyie: aombe kuona chupa, apige picha ya lebo, aandike kwenye daftari la kliniki tarehe, kampuni na mikrogramu. Akibadilishiwa kampuni, apimwe TSH baada ya wiki sita hadi nane. Nikisema hivyo najua kipimo ni pesa, na kwamba wengi hulipa kutoka mfukoni hata baada ya bima ya afya ya serikali ya SHA kuchukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Ndiyo sababu ya kung'ang'ania kampuni moja pale inapowezekana: kila badiliko lisilo la lazima ni kipimo kingine cha kulipia.

Kuhusu dawa ya nguruwe nitasema kwa ufupi. Kuna jaribio la Marekani la mwaka 2013 lenye wagonjwa 70 ambapo karibu nusu waliipendelea kuliko levothairoksini, ingawa vipimo vya dalili havikutofautiana. Upendeleo huo haupaswi kudharauliwa. Lakini ndani yake T4 na T3 ziko kwa uwiano wa nne kwa moja, wakati tezi ya binadamu hutoa takriban kumi na nne kwa moja, hivyo T3 ni nyingi mno. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijawahi kuipitisha rasmi. Iliuzwa tangu kabla ya sheria za leo. Na Nyanza yenye Waadventista wengi, na Kisumu na Mumias zenye Waislamu, mtu anayeletewa chupa na ndugu kutoka ng'ambo anastahili kujua imetokana na mnyama gani kabla hajaiweka mdomoni. Levothairoksini hutengenezwa maabara na haina homoni ya mnyama yeyote.

Kwa wajawazito, mjadala wa T3 na wa tezi ya nguruwe ufungwe hadi mtoto azaliwe. Ubongo wa mtoto tumboni hutegemea T4 ya mama, hasa miezi ya kwanza, na mara nyingi dozi ya T4 huhitaji kuongezwa kwa robo hivi mara tu mimba inapojulikana. Aende kliniki mapema, asisubiri.

Halafu kuna uchovu usiotokana na thairoidi. Upungufu wa damu, vitamini B12 iliyoshuka, kisukari, huzuni ya muda mrefu, kukoma hedhi, kukosa usingizi kwa sababu ya kukoroma na kukatika pumzi: yote huvaa sura ya thairoidi. Aliye na thairoidi iliyoshambuliwa na kinga ya mwili wake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya kwanza au upungufu wa B12. Daktari anayemwambia "uko sawa" bila kupima damu na sukari amejibu swali moja kati ya mengi. Neno hilo halitibu chochote, na ndilo linalomsukuma mgonjwa kununua dawa kwenye mifuko ya wasafiri.

Anayebaki baada ya yote hayo, ambaye anameza vizuri, kampuni yake haibadiliki, TSH imetulia kwa miezi, damu na sukari viko sawa na bado anaishi nusu ya maisha, huyo anastahili kujaribiwa T3. Jaribio lenye masharti: daktari anayeelewa homoni, moyo uliochunguzwa, T4 ipunguzwe kidogo na T3 iongezwe kwa kiasi kidogo kinachogawanywa mara mbili kwa siku, TSH irudiwe baada ya wiki sita hadi nane, na muda wa kuamua uwekwe tangu mwanzo, miezi mitatu hadi sita. Pasipo nafuu, anarudi alikotoka bila kuona haya.

Kikwazo chake huku ni upatikanaji. Liothaironini, yaani T3 ya tembe, si dawa utakayoikuta kwenye kila rafu ya Oginga Odinga Street, na wataalamu wa homoni ni wachache nchini, wengi wao wako Nairobi. T4 ikikosekana siku tatu, akiba ya mwili humbeba mgonjwa. T3 ikikosekana siku tatu, imekwisha. Kwa hiyo kabla ya tembe ya kwanza, mgonjwa na daktari wajue pakiti ya pili na ya tatu zitatoka duka gani na kwa bei gani. Wasipojua, abaki na T4 kwa sasa, na daktari aandike kwenye faili kwamba dalili bado zipo na swali la T3 halijafungwa, ili atakayemwona mwezi ujao asianze tena kwa kumwambia yuko sawa.